Riviu: vijana wa masta wanaokuja kubuni vifaa vya hospitali, tuwapokee ama tuwakatalie?

Wenzangu mafundi wa hospitali za huku pwani wamekuwa wakiniuliza sana, wa Malindi, wa Kilifi, hata mmoja wa Hola, ati ile timu ya wanafunzi wa masta (shahada ya uzamili) iliyokuja kwetu Lamu ilikuwaje, manake na wao wameletewa barua ya namna hiyo hiyo ya kuomba kupokelewa na hawajui waikubali ama waiache ilale kwenye faili. Sasa badala ya kumjibu mmoja mmoja naweka yote hapa. Kwa mwenye haraka: nawapa nyota nne kwa tano, na hiyo moja nimewanyima makusudi, sababu nitaieleza huko chini.

Mimi ni baiomed, yaani fundi wa mashine za hospitali, niko kwenye hospitali moja ya kaunti hii ambayo sitaitaja, na chuo chao pia sitakitaja kwa sababu nina ya kusifu na nina ya kulalamika na sitaki ionekane namchafulia mtu jina.

Huduma yenyewe ni hivi. Kuna vyuo ambako mwanafunzi wa uzamili wa uhandisi hakai peke yake na tasnifu yake, anaingizwa kwenye timu ya watu wanne watano, mmoja wa mekanika, mwingine wa elektroniki, mwingine wa programu, saa nyingine na daktari aliyerudi shule, na wote wanashikilia projekti moja ya kifaa cha matibabu kuanzia kutafuta tatizo mpaka prototaipu, yaani kifaa cha kwanza cha majaribio, na mpango wa kukifikisha sokoni. Mfumo huu umeenea sana tangu Paul Yock na Josh Makower waanzishe mafunzo ya Biodesign pale chuo cha Stanford, Marekani, mwaka 2001, na msingi wao ni kwamba unatambua hitaji kwanza, kubuni baadaye, kutekeleza mwisho, huruki hatua. Chuo cha Johns Hopkins kule Baltimore nao wana masta yao ya mwaka mmoja ya namna hii na wanafunzi wanatumwa mpaka nchi za nje kukaa hospitalini waone kazi inavyokwenda, na chuo cha MIT wana darasa ambalo timu inapewa daktari wa Boston mwenye tatizo lake na inafanya naye kazi muhula mzima. Hospitali inayopokea timu hailipi shilingi, inatoa nafasi ya kukaa wodini na muda wa watu wake, lakini msidanganyike kwamba hiyo ni bure, sista aliye peke yake na wodi nzima ya watoto akisimamishwa dakika ishirini kujibu maswali basi kuna mtoto anangoja.

Sasa kwa nini nikasema waje? Kuna utafiti wa Perry na Malkin wa 2011 uliokusanya orodha za vifaa vya hospitali kutoka nchi 16 zisizo na uwezo, wakakuta asilimia 38.3 ya vifaa havifanyi kazi, na sababu kubwa walizotaja ni mafunzo, usimamizi wa vifaa na miundombinu. Baiomed yeyote wa huku akisoma hiyo anaona stoo yake. Mashine zimejaa humo, nyingi ni za msaada, na zimo zilizotoka nchi za stima ya volti 120 zikachomekwa kwenye 240 yetu zikafuka moshi hapo hapo. Zote hizo zilibuniwa na watu wenye akili sana ila hawakuwahi kulala hata usiku mmoja kwenye wodi ambayo stima inakatika, na ndio maana nikisikia kuna wahandisi wanataka kuja kukaa na kuangalia kabla hawajachora chochote moyo wangu unafunguka.

Ingawa hawa wetu walikuja na wazo tayari mkononi. Walikuwa wamesoma kwamba konsentreta za oksijeni zinakufa sana hospitali za Afrika, kwa hivo wakaja na mpango wa kutengeneza apu ya simu, mashine itume taarifa zake kwenye intaneti, fundi aone kwenye simu yake akiwa popote. Mimi nilikaa kimya nikawaacha waende wodini kwanza. (Kwa asiyejua, konsentreta inavuta hewa ya chumbani, ambayo oksijeni yake ni kama asilimia 21 tu, inaipitisha kwenye mitungi yenye punje za zeolaiti zinazonasa naitrojeni, na kinachotoka kikiwa sawa ni oksijeni ya kama asilimia 93. Ikishuka chini ya 82 hiyo si dawa tena.)

Kwenye timu kulikuwa na binti wa Malindi anayesoma huko huko nje, mtoto wa kwetu kabisa, na nasema kweli bila yeye hii riviu ingekuwa na nyota mbili. Aliingia wodini akaamkia shikamoo kila sista, akakaa chini karibu na mashine, akaona kwenye kile kitundu cha alamu kimebandikwa plasta, ile plasta nyeupe ya kushikia kanula, imekunjwa mara mbili.

"Mama, mbona hapa pana plasta?"

"Mwanangu, hiyo ukiibandua hapa hakuna anayelala. Stima ikikatika inalia, ikirudi inalia, ikicheza inalia. Tutajuaje lini inalia kwa haki?"

Wageni wengine wangeandika kwenye ripoti yao kwamba wauguzi wanaziba alamu. Yeye aliandika maneno ya yule mama jinsi yalivyo, akayapeleka kwa wenzake jioni, na kutoka hapo ile apu ikaanza kufa. Manake alamu ilikuwepo tayari, taarifa zilikuwepo tayari, tatizo ni kwamba mashine inalia kilio kimoja kwa mambo mawili, la stima ambalo kila mtu ameshaliona kwa sababu taa zimezima, na la oksijeni kupungua nguvu ambalo hakuna jicho linaloweza kuliona.

Kesho yake yule wa mekanika akanifuata nifungue mashine nimuonyeshe. Nikatoa filta ya sponji ya nyuma. Sponji inatakiwa iwe nyeusi, hii ilikuwa nyeupe. Akafikiri ni poda ya watoto. Nikampeleka ukutani nikapitisha kiganja, nikamuonyesha, chokaa. Majengo yetu mengi ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kaskazi likipuliza kuta zinapukutika unga mwembamba siku nzima na mashine inauvuta wote, na juu ya unga kuna chumvi ya bahari inayoshika unyevu, kwa hivo sponji haijai vumbi tu, inagandamana. Kompresa inahema, inapata joto, na ule unyevu ukipita mpaka kwenye zeolaiti punje zinachoka mapema. Kitabu cha mashine kinasema osha filta kila wiki, sisi huku tunaosha mara nyingi zaidi na bado. Nikamuonyesha na bodi ya ndani, miguu ya shaba imeota kijani. Akapiga picha nyingi sana.

Kitu ambacho kimenivutia kuliko vyote kwenye mfumo wao ni ile sentensi ya hitaji. Wanalazimishwa waandike tatizo kwa sentensi moja tu, na haitakiwi iwe na suluhisho ndani yake, na mwalimu wao akiona neno apu ama sensa (kile kipande cha elektroniki cha kupima) anaikata kwa wino. Walianza na "njia ya kufuatilia konsentreta kwa simu", ikakatwa. Ikaandikwa tena na tena, wakabishana mpaka usiku pale barazani, na siku moja wakaniletea hii: njia ya kumjulisha muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku kwamba oksijeni imepungua nguvu, kabla mtoto hajaanza kubadilika rangi, kwenye wodi ambayo stima inakatika. Wallahi nilivyoisoma nilijua hawa wameona. Mimi nimekaa na hizo mashine miaka lakini sikuwahi kuliona tatizo limekaa mbele yangu wazi namna hiyo.

Na hii si mara ya kwanza sentensi kugeuza kifaa kizima. Ile Embrace inayojulikana, kifuko cha kumpa joto mtoto njiti, ilianza 2007 kwenye darasa la Stanford, timu ya wanafunzi wa uzamili ilipewa kazi ya kupunguza bei ya inkyubeta. Mmoja wao akaenda Nepal akakuta inkyubeta za hospitali ziko tupu, kwa sababu watoto wengi wanazaliwa vijijini na hawafiki mjini wakiwa hai. Wangebaki na lile swali la kwanza wangetengeneza inkyubeta rahisi ya kuongeza kwenye zile zilizokaa tupu. Wakabadilisha swali, wakatoka na kifuko chenye kitu kama nta ndani kinachobaki kwenye nyuzi 37 kwa saa kadhaa bila stima. Mtu wa Faza ama Kizingitini anayejua kuvuka na mtoto mchanga kwa boti mpaka kisiwani Lamu hahitaji kuelezwa hiyo maana yake nini. (Na kwa sababu nimetaja njiti niseme na hili, kifua cha mama bado ndio cha kwanza, WHO wenyewe tangu 2022 wanasema mtoto njiti awekwe ngozi kwa ngozi mara tu anapozaliwa, kifaa ni cha pale inaposhindikana.)

Tukirudi kwa wetu. Wakati wa kubuni ulipofika walitaka kutengeneza kila kitu wenyewe, na sehemu ya kulinda mashine na stima inayocheza. Hapo niliingilia. Nikawapeleka mtaa wa Langoni kwenye duka la vifaa vya stima nikawaonyesha gadi ya friji, ile ya kuchomeka ukutani, stima ikishuka ama ikipanda sana inakata, na ikirudi inangoja dakika kama tatu mpaka itulie ndio inapitisha. Konsentreta ya lita tano inakula kama wati 350, gadi inaibeba bila shida. Na wasiwasi wa mtoto kukosa hewa hizo dakika tatu haupo, stima ikikatika tunamhamishia kwenye mtungi wa oksijeni mara moja, na konsentreta yenyewe hata ikiwashwa inahitaji dakika kadhaa kabla oksijeni haijafika nguvu yake. Yule wa elektroniki alikuwa ameshachora saketi yake nzuri, amejivunia, akaitazama gadi akaipindua akasoma bei, akafunga daftari. Wakakubaliana nusu ya kazi inunuliwe dukani, wao watengeneze ile nusu ambayo haiuzwi popote hapa: kiboksi kidogo chenye sensa ya kupima oksijeni inayotoka, taa tatu, na alamu ambayo inalia kwa jambo moja tu, oksijeni ikiwa hafifu. Stima ikikatika inanyamaza.

Huo uamuzi wa kutokubuni ndio ulionifanya niwape nyota ya nne. Ni mgumu sana kwa mhandisi kijana, tena anayepewa maksi kwa alichobuni. Ipo mifano mizuri lakini, kama ile ya University of British Columbia kule Kanada, timu ya uzamili iliona madaktari wa mifupa wa Uganda wanatumia drili za duka la hadiweya kwa sababu za upasuaji zina bei ya kuua, wao hawakubuni drili mpya, walibuni kifuniko cha kitambaa ambacho kinapikwa kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, na kuivika ile drili ya kawaida ikawa salama kuingia nayo thieta. Sasa hivi ni kampuni.

Boksi la kwanza walilichapa kwa printa ya plastiki, rangi nyeusi, linapendeza. Tukalipeleka Faza kwa boti kuona litakavyovumilia safari, likawekwa juu ya shehena kwenye jua la kaskazi, kufika pale mfuniko umepinda kama chapati iliyoachwa mezani, skrubu mbili hazishiki. Ile plastiki inayoitwa PLA inaanza kulainika kwenye nyuzi kama 60, na kitu cheusi juani huku hakikawii kukaribia hapo. Sikuwahi kuona watu wanafurahia kuharibikiwa kama wale, wakapima, wakaandika, wakatafuta boksi la kawaida la mafundi wa stima, lile la kijivu lisiloingiza maji, na saketi wakaipaka vanishi ya kuzuia chumvi.

Halafu kuna kikao kimoja nataka wenzangu mkidai, msikubali timu iondoke bila nacho. Ni cha hatari, kinafuata kiwango cha ISO 14971, na kazi yake ni kujiuliza hiki kifaa kitamdhuru mtu vipi. Waliwaita masista, wakatandaza karatasi mezani, chai na mahamri, na swali ni moja tu, kikiharibika kitaharibika vipi. Sista mmoja ambaye huwa hasemi sana akauliza, na huu mpira wa sensa ukichomoka taa itakuwa rangi gani? Kimya. Wakajaribu pale pale, wakachomoa. Taa ikabaki kijani. Yaani mtoto hapati kitu na kiboksi kinasema mambo sawa. Wakabadilisha, sasa sensa isipopata mkondo wa hewa taa inakwenda nyekundu na alamu inalia. Tasnifu nzima haina ukurasa wenye thamani ya lile swali, na nashukuru jina la sista liliandikwa kwenye ripoti, nilisimamia hilo.

Kile kiboksi hakijawahi kuwekwa kwa mgonjwa na wenzangu msishangae, hivo ndivo inavyotakiwa. Kwa Kenya utafiti unahitaji kibali cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, na cha kamati ya maadili, na kifaa cha kutumika kwa wagonjwa kinasajiliwa na Pharmacy and Poisons Board, bodi ya dawa ya serikali, na kabla ya hapo kuna viwango vya usalama wa umeme vya IEC 60601 na utaratibu mzima wa kiwanda wa ISO 13485. Vijana wanalijua hilo na waliliheshimu, walipima kwa mashine peke yake. Timu yoyote ikija ikataka kujaribu kwa mtoto wa mtu "kidogo tu tuone", mlango uko wazi waondoke.

Sasa nyota niliyowanyima. Saa ya projekti ni saa ya chuo. Hospitali haina muhula, wao wanao, na prototaipu ilipoanza kuwa kitu cha maana ndio wakati wa kuwasilisha ukafika, wakapata maksi zao nzuri wakatawanyika, huyu ameajiriwa huku, yule kule. Niliomba mchoro wa saketi na programu ya ndani, nikatumiwa ripoti ya Kiingereza yenye picha nzuri za machweo ya bahari na za punda. Sensa ni ya kuagiza nje, haina spea hapa, ikifa imekufa. Michoro niliipata baadaye kabisa kupitia yule binti wa Malindi ambaye ilimkera kama ilivyonikera mimi, na nikagundua kwa makaratasi yao ubunifu wote ni mali ya chuo, pamoja na wazo la gadi na la taa nyekundu ambayo yalitoka kwa watu wetu. Hilo liliniuma na bado linaniuma. Si kwamba tunataka pesa. Tunataka chuo kikisema hakiendelei basi sisi tuwe na haki ya kuendelea, tuchukue mchoro tupeleke Technical University of Mombasa ama Chuo Kikuu cha Pwani, vijana wa hapa walioko karibu na tatizo waumalizie.

Kwa hivo mwenye barua mezani ajibu ndio, lakini aweke kwenye makubaliano kabla hawajakata tiketi: baiomed wa hospitali awe mwanatimu mwenye sauti tangu siku ya kwanza, asiwe mwenyeji wa kufungua milango tu. Michoro na programu zibaki na hospitali, kwenye flashi na kwenye karatasi. Kila kipande kisichopatikana Mombasa kije na spea zake. Angalau mmoja wao aongee Kiswahili, na asiwe mkalimani, awe mhandisi, manake yule mama hangemwambia mkalimani habari ya plasta. Na chuo kiseme kwa maandishi nani ataishika projekti muhula ukiisha, hata kama ni timu ya mwaka unaofuata.

La mwisho ni ratiba. Wengi wanapenda kuja mwezi wa kwanza, bahari imelala na jua linawaka, wanaona Lamu ya kwenye picha. Waambieni waje mwezi wa saba kusi likiwa linapiga, mawimbi yako juu na boti ya Faza inangoja upepo upungue na kuna mgonjwa ndani. Wapande na kifaa chao hiyo hiyo boti, wakae nacho mapajani mpaka ng'ambo, wakifika ndio wachomeke ukutani tuone kinawaka ama hakiwaki.